Kidonda cha Upasuaji Kikiharibika Ukiwa Nyumbani

Kama uko Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi, Kiteghe au Ngambenyi, au uko Maungu na Voi mjini, sogea karibu. Kama una mtoto mchanga mkononi, mnyonyeshe huku unasikiliza.

Leo tunazungumza juu ya jambo linalowapata watu wengi waliofanyiwa upasuaji, hasa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Jambo hilo ni kidonda kuingiwa na viini vya maradhi na kuanza kutunga usaha baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tutaeleza kwa nini hutokea, dalili zake ni zipi, kidonda kitunzwe vipi, na ni wakati gani usingoje hata siku moja zaidi.

Kwa nini hutokea nyumbani na si hospitalini?

Watu wengi hudhani kwamba daktari akisema "sasa unaweza kwenda nyumbani," maana yake ni kwamba umepona. Sivyo. Maana yake ni kwamba hatari ya siku za kwanza imepita, na sehemu iliyobaki ya kupona itafanyika nyumbani.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, ikiwa hakuna tatizo, mara nyingi hukaa hospitalini siku tatu hivi. Siku hizo kidonda huonekana kizuri. Lakini viini vya maradhi havifanyi kazi kwa siku moja. Vikishaingia, huchukua siku kadhaa kuzaana hadi mwili uanze kuonyesha dalili. Kwa hiyo dalili nyingi huanza kati ya siku ya nne na mwisho wa wiki ya pili. Wakati huo mama yuko nyumbani kwake, mbali na daktari na muuguzi.

Ndiyo sababu wataalamu huhesabu siku 30 tangu siku ya upasuaji. Kidonda kikiharibika ndani ya siku hizo, huhesabiwa kuwa kimetokana na upasuaji huo. Kwa mtu aliyewekewa chuma mfupani au kifaa kingine mwilini, hesabu hufika siku 90. Basi ukitoka hospitali, usihesabu siku tatu ulizolazwa. Hesabu siku 30 za kukilinda kidonda.

Je, tatizo hili ni kubwa?

Ndiyo, ni kubwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, watu 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji huambukizwa. Likaeleza pia kwamba katika Afrika, akina mama wanaofikia 20 kati ya kila 100 waliojifungua kwa upasuaji wanaweza kupata maambukizi kwenye kidonda. Huyo ni mama mmoja kati ya watano.

Lakini tusikate tamaa, kwa maana tatizo hili linazuilika. Kati ya mwaka 2013 na 2015, hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilishirikiana na Shirika la Afya Duniani kurekebisha namna ya kuwaandaa wagonjwa na kufanya upasuaji. Hapa Kenya hospitali hiyo ilikuwa ya Kijabe. Walihakikisha mgonjwa anaoga kabla ya upasuaji, hanyolewi kwa wembe, ngozi inasafishwa kwa dawa inayofaa, daktari ananawa mikono vizuri, na dawa ya kuua bakteria inatolewa kwa saa yake kabla ya kukata. Maambukizi yalipungua kutoka wagonjwa 8 hadi chini ya 4 katika kila 100. Hawakuhitaji mashine za bei ghali. Walihitaji kufuata utaratibu.

Hayo ni ya hospitali. Sasa tuangalie yaliyo mikononi mwako wewe mama, na mikononi mwa wanaokutunza.

Viini hutoka wapi?

Viini vingi havitoki mbali. Viko juu ya ngozi yetu wenyewe, puani, ukeni na tumboni. Vingine viko mikononi mwa watu, kwenye nguo, vumbi na maji machafu. Ngozi nzima ni kama ukuta unaovizuia kuingia. Upasuaji hufungua mlango katika ukuta huo, na mlango huo haufungiki kwa siku moja.

Wako watu ambao hatari yao ni kubwa zaidi. Hao ni mama aliyekaa na uchungu muda mrefu kabla ya kupasuliwa, mama ambaye chupa ya maji ilipasuka mapema, mwenye upungufu wa damu, mwenye ugonjwa wa kisukari, mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa, na mwenye mwili mnene sana. Kama wewe ni mmoja wao, usiogope, lakini kiangalie kidonda chako kwa makini zaidi.

Tumfikirie mama mmoja

Hebu tumfikirie mama mmoja wa hapa kwetu. Hatutampa jina, kwa maana anaweza kuwa yeyote kati yetu. Amejifungua kwa upasuaji huko Voi, mtoto wa kike, mzima. Siku ya tatu anaruhusiwa. Anapanda gari hadi Maungu, kisha anaingia barabara ya vumbi hadi nyumbani. Wifi zake wanampokea kwa vigelegele.

Siku ya sita anasikia maumivu upande mmoja wa kidonda. Jana yalikuwa yamepungua, leo yamerudi. Mama mkwe anamwambia, "Vumilia mwanangu, ni kidonda kinakaza." Anavumilia.

Siku ya nane anaona leso imelowa na ina harufu. Anaona haya kusema. Anabadilisha leso na kunyamaza. Jirani akija kumwona mtoto anamgundua, anamwambia anunue dawa ya rangi mbili dukani, afungue zile kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Anafanya hivyo. Kidonda kinaonekana kikavu juu, naye anafurahi.

Siku ya kumi usiku anaanza kutetemeka kwa baridi, ilhali mwili unawaka moto. Hawezi kumshika mtoto. Sasa ni saa nane za usiku, hakuna gari, na njia ya kwenda Maungu ni ile ile ambayo ndovu nao huitumia.

Msikilizaji, tumsaidie mama huyu. Ni wapi angeweza kuokolewa mapema? Siku ya sita, maumivu yalipoongezeka badala ya kupungua. Siku ya nane, harufu ilipotokea. Kila mara alikuwa na mchana mzima wa kufika kwenye zahanati. Hakuna aliyemtakia mabaya, si mama mkwe wala jirani. Walikosa tu kujua dalili. Basi tuzijue leo.

Yapi ni ya kawaida?

Si kila kitu ni hatari. Mambo yafuatayo ni ya kawaida baada ya upasuaji:

Maumivu ambayo yanapungua kila siku. Kuvimba kidogo kwenye mshono siku za kwanza. Majimaji machache meupe au yenye rangi ya damu hafifu katika siku mbili za kwanza. Kuwashwa kidonda kinapopona. Ganzi kuzunguka mshono. Ukingo mgumu kidogo kando ya kovu. Damu ya uzazi inayotoka ukeni na kuendelea kupungua hadi wiki ya nne au ya sita.

Neno la kukumbuka hapa ni "kupungua." Kila siku inapopita, hali iwe afadhali kuliko jana. Kama leo ni mbaya kuliko jana, kuna jambo.

Dalili za hatari ni zipi?

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona hata moja kati ya hizi:

1. Maumivu ya kidonda yanaongezeka badala ya kupungua.
2. Ngozi karibu na mshono imekuwa ya moto, imevimba, imekuwa ngumu au inang'aa. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Ngozi inaweza tu kuonekana nyeusi zaidi kuliko kawaida. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Nawa mikono, kisha gusa kwa nyuma ya vidole kando ya mshono, halafu gusa mahali pengine tumboni. Kama kando ya mshono kuna joto zaidi, hiyo ni dalili.
3. Usaha, au majimaji ya njano, kijani au kahawia.
4. Harufu mbaya.
5. Mshono umeachia, hata kama ni mahali padogo.
6. Homa, yaani joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi. Kama huna kipimajoto, angalia kutetemeka kwa baridi na jasho.
7. Maumivu makali chini ya kitovu, au damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Hii yaweza kuwa dalili kwamba maambukizi yako ndani ya mfuko wa uzazi, hata kama kidonda cha nje ni kizuri.

Halafu ziko dalili ambazo hazingoji asubuhi. Mgonjwa anapumua haraka, moyo unaenda mbio, amechanganyikiwa au anasinzia isivyo kawaida, ngozi imekuwa baridi na yenye jasho, anapata mkojo kidogo sana, au amezirai. Hapo viini vimeanza kuuathiri mwili mzima. Mama anaweza kufa kwa muda mfupi. Amsha majirani, tafuta gari, nenda hospitali wakati huo huo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka hospitali

Siku ya kuruhusiwa kila mtu ana haraka. Gari linasubiri, mtoto analia. Hata hivyo usitoke kabla ya kuuliza maswali haya. Uliza kwa heshima na bila woga, kwa kuwa ni haki yako:

Nimefanyiwa upasuaji gani, na kwa sababu gani? Uzi ulioshonewa unayeyuka wenyewe au unatolewa? Kama unatolewa, ni siku gani na wapi? Bendeji itolewe lini? Dawa hizi ni za nini, na ninameza kwa siku ngapi? Nikiona usaha niende wapi? Kuna nambari ya simu ninayoweza kupiga?

Mwombe muuguzi akuonyeshe kidonda kwa kioo, ili ujue kilivyokuwa siku ya kutoka. Halafu tunza karatasi ya kuruhusiwa pamoja na kitabu cha mama na mtoto. Usiviache vikalowa au kuchezewa na watoto. Muuguzi wa zahanati ya kijijini akiviona, ataelewa ulichofanyiwa bila kubahatisha.

Kukitunza kidonda nyumbani

Kwanza, mikono. Kila mtu anayegusa kidonda anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla na baada. Tunajua kwamba miezi ya kiangazi maji ni taabu. Lakini kunawa mikono hakuhitaji maji mengi. Toboa tundu dogo kwenye mtungi wa lita tano, uning'inize kwa kamba karibu na mlango, na uweke sabuni kando. Maji kidogo yatatosha familia nzima. Hata mgeni anayekuja kumbeba mtoto, mwelekeze hapo kwanza. Si dharau, ni kumlinda mama na mtoto.

Pili, bendeji. Iache kama ilivyowekwa kwa muda ulioambiwa na muuguzi. Usiifungue kila saa ili kuchungulia. Ikilowa au ikichafuka, inapaswa kubadilishwa.

Tatu, kuoga. Unaruhusiwa kuoga baada ya muda ulioambiwa. Mwagia maji safi kwa kopo, usiketi ndani ya beseni. Sabuni ya kawaida yatosha, na usisugue mshono. Kisha kausha kwa kupapasa polepole na kitambaa safi. Kama tumbo lina mkunjo unaofunika mshono, inua mkunjo huo na ukaushe vizuri chini yake. Mahali penye unyevu na joto ndipo viini hupenda kukaa.

Nne, nguo. Vaa nguo pana isiyosugua mshono. Fua leso kwa sabuni, anika juani, piga pasi kama inawezekana. Badilisha pedi au kitambaa cha damu ya uzazi mara kwa mara, nawe unawe mikono kila mara.

Tano, usipake kitu ambacho hukuambiwa na mhudumu wa afya. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, dawa ya meno, chumvi, majani yaliyopondwa, wala unga wa kapsuli. Unga wa kapsuli hufunika kidonda kwa juu, nao usaha ukabaki chini yake ukiendelea kula nyama. Kidonda kilichofungwa vizuri hakihitaji dawa ya kupaka. Kinahitaji usafi, ukavu na kupumzika.

Sita, desturi za uzazi. Kukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja ni mila zilizotoka kwa nyanya zetu, nao walifanya kwa mapenzi. Lakini nyingi zilikuwa za mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Mama aliyepasuliwa asikandwe tumbo kwa maji ya moto wala kusuguliwa karibu na mshono. Asifungwe leso kwa kukazwa sana, kwa maana humfanya atoe jasho kwenye kidonda na kukivuta. Nyanya anayetaka kumsaidia anaweza kumkanda mgongo na miguu polepole, kumpikia, na kumshikia mtoto apate kulala.

Mtungi wa maji ubebwe na nani?

Hapa nataka kuzungumza na baba na watu wote wa nyumbani. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Mama aliyepasuliwa hapaswi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake mchanga katika wiki sita za kwanza. Akienda kuteka maji siku ya kumi, au akibeba mzigo wa kuni kutoka porini, mshono unaweza kuachia, na viini vikapata mlango.

Basi panga kabla ya mama kurudi. Ni nani atateka maji? Ni nani atatafuta kuni? Ni nani atalisha mbuzi? Baba, si aibu wewe kubeba mtungi. Bodaboda ya kuleta maji wiki chache ni bei ndogo kuliko kulazwa mara ya pili. Na pia, subiri kukutana kimwili hadi mama achunguzwe wiki ya sita na aseme yuko tayari.

Lakini kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa. Mama atembee polepole ndani na nje ya nyumba kila siku. Kutembea husaidia damu izunguke na kuzuia isigande miguuni.

Chakula na kunyonyesha

Mwili hutengeneza nyama mpya kwa chakula. Mpe mama pojo, kunde, maharagwe, mbaazi, mayai, maziwa, samaki au nyama kinachopatikana. Kimanga chenye maharagwe ni chakula kizuri. Mboga kama mchicha, na matunda kama papai, embe na machungwa husaidia kidonda kufunga. Meza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa. Mama anayenyonyesha anahitaji kula na kunywa zaidi kuliko kawaida, kwa hiyo asiwe wa mwisho kupakuliwa.

Kama kumweka mtoto tumboni kunakuumiza, nyonyesha ukiwa umelala kwa ubavu, au mweke mtoto chini ya kwapa, miguu yake ielekee nyuma yako. Na kidonda kikiingia usaha usimwachishe mtoto ziwa. Maziwa yako bado ni mazuri. Mwambie tu daktari kwamba unanyonyesha, ili akupe dawa inayofaa.

Vipi kuhusu kununua dawa dukani?

Pengine unajiuliza, "Kwa nini nisinunue tu dawa ya kuua bakteria?" Sababu ni tatu. Kwanza, usaha ukishajikusanya, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Ni lazima utolewe. Mhudumu wa afya atafungua sehemu ndogo ya mshono, atoe usaha, asafishe na kufunga kwa bendeji safi. Pili, si kila dawa huua kila kiini. Ukimeza isiyofaa, siku zinapita nawe unadhani unatibiwa. Tatu, kutumia dawa hizi ovyo au kuziacha katikati huvifanya viini kuwa sugu, na siku utakayohitaji dawa haitafanya kazi.

Mwongozo wa mwaka 2016 unasema dawa za kuzuia maambukizi zitolewe kabla na wakati wa upasuaji, wala zisiendelezwe baadaye kwa ajili ya kuzuia tu. Kwa hiyo daktari akikuruhusu bila mfuko wa vidonge vya bakteria, hajakunyima. Na akikupa kwa kuwa ameona maambukizi, maliza zote.

Usishtuke pia ukiona kidonda kimeachwa wazi baada ya kutolewa usaha. Kidonda cha namna hiyo hupona kuanzia chini kwenda juu. Kikifungwa haraka juu, usaha hurudi. Yaweza kuchukua wiki kadhaa, lakini hupona. Fika kubadilishiwa bendeji kila siku uliyoambiwa.

Usingoje, piga simu na omba kutembelewa

Katika hospitali ya Thika watafiti walijaribu kuwapigia simu wagonjwa waliokwenda nyumbani baada ya upasuaji, wakawauliza habari za vidonda vyao. Simu iliwagundua wagonjwa wengi wenye maambukizi, ingawa si wote. Na huko Kirehe, nchini Rwanda, wahudumu wa afya wa vijijini walitumwa kuwatembelea akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wakiwauliza maswali machache juu ya homa, maumivu yanayozidi na usaha. Tunajifunza kwamba simu ni nzuri, lakini jicho la mtu aliyefunzwa ni zuri zaidi.

Nasi tunao watu kama hao. Tangu Septemba 2023 Serikali ya Kenya imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba ya vifaa vya kazi. Mjue wa kijiji chako kwa jina, na uwe na nambari yake. Ukirudi kutoka hospitali, mpigie umwambie, "Nimerudi, nimefanyiwa upasuaji, naomba uje unione." Yeye si daktari, lakini anaweza kukuangalia na kukutuma kituoni mapema.

Hudhuria pia kliniki ya baada ya kujifungua katika wiki ya kwanza au ya pili, na tena wiki ya nne hadi ya sita, hata kama unajisikia mzima. Usiseme, "Ni ya chanjo ya mtoto tu." Mwambie muuguzi akitazame na kidonda chako.

Kwa upande wa malipo, hakikisha wewe na jamaa yako mmejiandikisha na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Fanya hivyo wakati ungali na mimba. Na wekeni akiba ndogo ya nauli, hata kupitia chama cha akina mama. Nauli hiyo isiguswe hadi siku 30 ziishe.

Kwa watoto na wagonjwa wengine

Haya yote yanawahusu pia waliopasuliwa henia, kidole tumbo, mfupa uliovunjika, au mvulana aliyetahiriwa. Mtoto mdogo hawezi kusema kidonda kinauma. Angalia kama anakataa kula au kunyonya, analia ukigusa mahali hapo, ana joto, au amelegea. Mzee mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu makali, kwa hiyo kidonda chake kiangaliwe kila siku kwa macho.

Mambo ya kukumbuka

Siku 30 za kwanza ni za kukilinda kidonda. Nawa mikono kabla ya kukigusa. Kiwe safi na kikavu. Usipake kitu. Usibebe mzigo. Leo ikiwa mbaya kuliko jana, nenda kituoni leo, tena asubuhi, kabla giza halijaingia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama tuliyemfikiria aliona haya kusema kwamba leso yake ina harufu. Mama, si uchafu wako wala si kosa lako. Ni ugonjwa, nao una tiba. Sema mapema. Na wewe mama mkwe, wifi au mume, usingoje aseme. Muulize kila asubuhi, "Kidonda kikoje leo kuliko jana?" Swali hilo moja linaweza kumwokoa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika kijiji chetu, mama akiugua usiku ni nani mwenye gari au pikipiki tunayeweza kumpigia? Ni mila zipi za kumtunza mzazi tunazoweza kuendelea nazo, na zipi tuzibadilishe kwa mama aliyepasuliwa? Ni nani atakayemtekea maji mama atakayejifungua mwezi ujao?

Mweleze na jirani yako uliyoyasikia.